Mguu Uliofungwa kwenye Sifuri

Kwa miaka kumi na minne Nagwan Shalabi alifanya kazi ambayo hata wahandisi wenzake waliikimbia kwa jinsi inavyochosha. Chipu ya kompyuta hujengwa kwa seli ndogo ndogo, na kila seli ina transista chache na uamuzi mmoja tu wa kufanya: moja au sifuri. Kabla seli haijaamua, mguu wake wa kuingilia lazima umeze chaji kidogo ya umeme. Kiasi hicho wenyewe wanakiita kapasitansi, na asiyekijua hawezi kukuambia chipu yake itakwenda mbio kiasi gani. Kazi ya Nagwan ilikuwa kukipima, mguu mmoja baada ya mwingine, seli mia nne na kumi na mbili, na zote alizipima kabla hazijazaliwa. Alizipima ndani ya kompyuta, kwa uigaji.

Mama mkwe wake, Hajjat Inshirah, ambaye aliishi naye nyumba moja kule Heliopolis, alikuwa na jibu lake kila majirani walipomuuliza mkaza mwana wake anashughulika na nini.

"Anapima vitu visivyoonekana," alikuwa akisema. "Na mimi nikipima chumvi kwa jicho, ananiambia nimezidisha."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la juisi ya miwa. Walikuwa watu tisa, na mwenye kampuni, Raafat, alipenda kuwaita familia, hasa siku ambazo alitaka wafanye kazi Ijumaa. Mtambo wa kupima seli ulitengenezwa na Lutfi, mume wa Nagwan. Nasema mtambo, lakini ulikuwa faili moja refu la maagizo: chukua seli, pandisha volti kwenye mguu wake pole pole, jumlisha mkondo wote ulioingia, gawanya kwa volti, andika kwenye jedwali, nenda seli inayofuata. Kwenye joto, kwenye baridi, kwenye umeme pungufu na umeme kamili. Majaribio elfu tisa na ushei. Unabonyeza mara moja asubuhi, unakwenda kunywa chai, unarudi jioni unakuta jedwali limejaa. Kabla ya Lutfi watu walifanya hayo kwa mkono wakikosea kila ukurasa.

Lutfi alikufa miaka miwili iliyopita, mwezi wa Februari, kwa kansa ya kongosho. Ilimla kwa miezi minne. Wajane wengine huachiwa shamba au kesi za ndugu. Nagwan aliachiwa lile faili. Alikwenda akakaa kwenye kiti chake, akaendelea kupima. Hakuna aliyemwona akilia pale kazini, na wapo waliomsema kwa hilo.

Mwezi wa Juni chipu ikarudi kutoka kiwandani, ng'ambo. Ilikuwa chipu ya mita za umeme, zile zinazofungwa ukutani nje ya nyumba, na mteja alikuwa mkubwa kuliko wateja wote ambao Raafat aliwahi kuwapata. Ikifaulu, ofisi ina maisha. Isipofaulu, kila mmoja alijua, hata mzee aliyekuwa akifagia ngazi.

Aliyezijaribu alikuwa Basyuni, mtu mnene wa maabara, mwenye utani kwa kila jambo, misiba ikiwemo. Aliiweka chipu ya kwanza kwenye kibao chake, akawasha, ikafanya kazi. Watu wakapiga makofi. Akaifunika kwa kifaa cha kupashia joto, akapandisha digrii arobaini, hamsini. Ilipofika sitini chipu ikaanza kutoa hesabu za ajabu, na sitini na tano ikanyamaza.

"Huyu bwana hapendi jua," Basyuni akasema. "Tumfungie mita Uswisi."

Hakuna aliyecheka. Akaweka ya pili, na ya tatu. Alipofika ya kumi na mbili hata yeye utani ulikuwa umemwisha.

Siku tatu walitafuta. Siku ya tatu, Jumanne, Basyuni akapima mstari wa seli za majaribio zilizokuwa pembeni ya chipu, akalinganisha na jedwali. Kila mguu ulikuwa unameza chaji zaidi kuliko ulivyoandikiwa, karibu moja ya tano zaidi. Chipu nzima ilikuwa imejengwa na watu walioamini kwamba seli zao ni nyepesi, na seli zilikuwa nzito. Kwenye baridi zilivumilia. Kwenye joto zilichelewa.

Basyuni alimletea Nagwan karatasi ya vipimo, akaiweka mezani taratibu kama anaweka chai ya mgonjwa, akaondoka.

Nagwan alifungua faili akauona mstari wenye kosa ndani ya dakika tano. Seli nyingi zina miguu miwili ya kuingilia au zaidi. Unapopima mguu wa kwanza, wa pili huwezi kuuacha ukielea. Lazima uufunge mahali, ama kwenye sifuri ama kwenye moja. Ukiufunga kwenye sifuri, seli nyingi hulala: unapandisha volti mguu wa kwanza na seli haijali, na kwa kuwa haijali, inameza kidogo. Ukiufunga kwenye moja, seli inaamka, inageuka, na ikigeuka inavuta kinyume na wewe, hivyo inameza zaidi. Kwenye chipu ya kweli ndivyo inavyokuwa. Faili lilikuwa limefunga miguu yote ya pili kwenye sifuri. Seli mia nne na kumi na mbili zilipimwa zikiwa zimelala.

Alirudia kusoma mara tatu, huku akijua hautabadilika.

Raafat aliwaita Nagwan na Basyuni, akafunga mlango. Alikuwa amekwisha kufikiri, na ndilo tatizo la Raafat: anafikiri haraka na anafikiri juu yake mwenyewe.

"Mteja anataka maelezo kwa maandishi," alisema. "Alhamisi saa sita mchana. Nani aliandika mstari huu?"

"Lutfi," akasema Nagwan. "Faili lote aliandika Lutfi."

"Mungu amrehemu. Basi tutasema ukweli. Mhandisi wetu aliandika maagizo akiwa mgonjwa mahututi, akakosea, na sisi kwa heshima yake hatukukagua. Mtu yeyote mwenye moyo ataelewa."

"Hakuandika akiwa mgonjwa. Aliandika miaka tisa iliyopita."

"Na aliendelea kuligusa mpaka mwisho. Mhandisi Nagwan, nisikilize, mimi ni kama kaka yako. Marehemu hafukuzwi kazi. Hapati barua. Ukimtaja aliye hai, mteja atauliza ana kazi gani hapa."

"Lutfi hawezi kufanya kosa la namna hii. Ndiye aliyenifundisha mimi habari ya mguu wa pili."

"Sasa limefanywa na jini?"

Basyuni akaguna. "Mkuu, mpe dada muda. Kumbukumbu za mabadiliko zipo. Kila aliyegusa faili ameandikwa, na siku yake na saa yake."

Raafat akatazama saa, ingawa hapakuwa na haja. "Mpaka Alhamisi. Saa sita kamili naituma."

Jioni ile Nagwan alimkuta mama mkwe akikatakata majani ya mulukhiya. Hakukusudia kumwambia. Lakini Hajjat Inshirah alikuwa na tabia ya kumsoma mtu kwa jinsi anavyovua viatu.

"Kuna nini, binti yangu?"

Akamwambia, kwa maneno machache, bila miguu wala volti. Kwamba kazi imeharibika na wanataka kusema ni Lutfi.

Kisu kikasimama. "Mwanangu?"

"Wanataka tu, mama. Bado."

"Huyu Raafat alikula kwangu. Alikaa hapo ulipo wewe, akala bata mzima, akasema Lutfi ni kichwa cha kampuni." Aliyasukuma majani kando. "Sina mjukuu. Mwanangu hakuacha chochote duniani ila watu kusema alikuwa hodari. Na hilo nalo walichukue?"

"Hawatalichukua. Nitaonyesha kwamba si yeye."

"Niapie."

Nagwan akaapa. Aliapa kwa moyo wote, na hapo ndipo alipoanza kujichimbia shimo. Aliamini kabisa anachokisema.

Jumatano aliikosa, kwa sababu Raafat alimtaka apime upya seli thelathini ili wawe na la kumwonyesha mteja. Alhamisi alifika ofisini saa moja na nusu asubuhi, kabla ya wote, akafungua kumbukumbu za mabadiliko na kuanza kurudi nyuma.

Alianzia mwanzo kabisa. Miaka tisa nyuma: mguu wa pili kwenye sifuri, mwandishi Lutfi. Lakini hilo aliweza kulieleza. Kwa seli za wakati ule, kubwa na nzito, tofauti ilikuwa ndogo sana na kila mtu alifanya hivyo. Kosa lingekuwa kuuacha mstari ule uendelee kwenye seli mpya, ndogo. Akasonga mbele, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyeugusa. Alianza kukata tamaa.

Halafu akaiona. Tarehe kumi na moja Februari, miaka miwili iliyopita, saa kumi jioni, mwandishi Lutfi. Mstari ulikuwa umebadilishwa, na chini yake ameandika, kwa herufi zilizorukaruka: "Seli mpya. Pima mguu wa pili ukiwa sifuri, kisha ukiwa moja, chukua iliyo kubwa. Zikigeuka zinavuta."

Nagwan alisimama. Alicheka peke yake, kwa sauti, machozi yakimtoka. Alikuwa amelirekebisha! Akiwa kitandani hospitalini, kompyuta mapajani, mshipa una sindano, aliliona kosa la miaka saba na akalirekebisha. Alitaka kumpigia mama mkwe saa ile ile.

Lakini kama alilirekebisha, ilikuwaje jedwali lipimwe kwa maagizo ya zamani? Akakaa tena. Badiliko lililofuata lilikuwa la kesho yake, tarehe kumi na mbili Februari, saa tatu na dakika tano asubuhi. "Nimerudisha kama zamani. L. hayuko sawa." Mwandishi: Nagwan Shalabi.

Alilisoma jina lake kama la mtu wa barabarani, kisha akakumbuka yote.

Wiki ile Lutfi alikuwa kwenye dawa kali za maumivu na alikuwa ameng'ang'ania kufanya kazi. Jumatatu alichanganya vipimo kwenye faili jingine. Jumanne alifuta matokeo ya mwezi mzima, Nagwan akayarudisha kimya kimya. Jedwali lilitakiwa siku mbili baadaye. Asubuhi ile alipofika ofisini, matokeo ya seli za kwanza yalikuwa yamepanda kwa moja ya tano, na alipoona nani ameligusa faili, hakusoma hata maelezo yake. Alisema moyoni, maskini, ameharibu tena. Akarudisha. Ilimchukua dakika moja. Kisha akabonyeza, majaribio elfu tisa yakaanza, naye akaenda hospitalini na supu ya dengu iliyochujwa.

Na katika familia ile mgonjwa haambiwi neno baya. Daktari aliiambia familia ukweli ukumbini, mlango umefungwa, na Lutfi akaambiwa ana uvimbe kidogo. Wageni waliingia wakisema leo una rangi nzuri, mashallah, wakatoka wakijifuta macho. Nagwan alidanganya zaidi kwa miezi ile minne kuliko alivyodanganya maisha yake yote. Alidanganya juu ya vipimo vya damu, juu ya uzito, juu ya safari ya baharini mwezi wa Julai.

"Umeuona mstari wangu?" Lutfi alimuuliza mchana ule.

"Nimeuona."

"Umeupima?"

"Nimeupima. Safi kabisa. Kunywa supu."

Alikunywa vijiko vinne. Baada ya siku nne akafa.

Raafat aliingia saa mbili na robo. Nagwan alimfuata hata mkoba hajauweka chini.

"Si Lutfi," alisema. "Ni mimi. Yeye alirekebisha, mimi nikafuta. Hii hapa. Andika jina langu."

Raafat alisoma maelezo yale mawili kwenye karatasi aliyopewa, kisha akaweka mkoba mezani. "Nimekwisha kuituma," akasema.

"Ulisema saa sita!"

"Walinipigia jana jioni, wakataka asubuhi. Nimeituma saa moja."

"Waandikie kwamba umekosea."

"Ili iwe nini?" Alikaa chini mzito. "Wamekwisha kujibu. Wanachukua kazi yao wanaipeleka kwingine. Mistari miwili tu. Na wa tatu wametupa pole kwa msiba." Akageuza kompyuta amwonyeshe. "Mimi nafunga ofisi mwisho wa mwezi, Nagwan. Hayupo tena wa kumwambia ni nani."

Ni kweli, na nasema hivi nikiwa simpendi Raafat. Lakini Nagwan alikwenda kwenye kiti chake, akamwandikia mteja mwenyewe. Aliandika tarehe zote mbili, saa zote mbili, na maneno ya Lutfi kama alivyoyaandika. Akaweka jina lake kamili. Saa tano jibu likaja: asante kwa taarifa, suala hili limefungwa. Aliandika tena. Mara ya pili hapakuwa na jibu. Huko kwao, kwenye faili la mteja, Lutfi amebaki yule mgonjwa aliyeharibu chipu, na hapana atakayelifungua kusoma zaidi.

Basyuni alimsogelea na glasi ya juisi ya miwa. "Dada, kila mtu angefuta," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Mimi ningefuta."

"Wewe ungesoma kwanza alichoandika," Nagwan akamjibu. Basyuni akainamisha kichwa, maana hakuwa hodari wa kudanganya.

Nyumbani alifika saa tisa. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo nzuri, amekaa karibu na mlango wa jikoni, sufuria ikiwa motoni, na alikuwa akimngoja kama watu wanavyongoja matokeo ya mtihani.

"Sema."

"Halikuwa kosa lake, mama. Yeye alilirekebisha. Akiwa hospitalini."

Hajjat Inshirah akapiga kigelegele, kimoja kifupi, sauti ikakatika katikati kwa kilio. "Nilijua! Wallahi nilijua! Tena siku yenyewe naikumbuka. Nilikwenda jioni, nikamkuta ana furaha. Miezi minne sijamwona hivyo. Nikamwambia, kuna nini leo? Akasema, mama, nimefanya kazi ya maana, na Nagwan ameipima kasema safi." Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Akasema, hawa wote humu ndani wananidanganya, daktari, wageni, na wewe mama unanidanganya, nakuona. Lakini Nagwan hawezi kunidanganya kwenye kazi. Basi nina mmoja. Akalala vizuri usiku ule, binti yangu. Alilala kama mtoto."

Nagwan alivua viatu, akavipanga.

"Sasa nani aliyeharibu?" mama mzee akauliza. "Nitajie, nimlaani kwa jina."

Angeweza kusema simjui. Angeweza kusema Raafat, na ingesadikika mara moja. Alikuwa na uzoefu wa miezi minne wa maneno ya namna hiyo.

"Ni mimi, mama. Niliona amebadilisha, nikadhani ni dawa. Nikafuta asubuhi yake. Sikusoma."

"Asubuhi." Mama mzee alihesabu kimya. "Kabla hujampelekea supu."

"Kabla."

"Na bado ukamwambia safi."

"Nilimwambia safi kabisa."

Hajjat Inshirah hakufoka, wala hakulaani mtu. Uso wake ulizeeka pale pale.

"Kumbe hakuwa na hata mmoja," alisema, kisha akageuka kwenda kuzima jiko.